Wimbo Wako, Sauti ya Mwingine: Mtunzi wa Lamu Anauza Nini, kwa Nani, na kwa Makubaliano Gani

Lamu haijawahi kupungukiwa na maneno. Harusi moja ya Langoni huzaa tungo kadhaa: ya kumsifu bibi harusi, ya kumpokea bwana harusi, ya kuwajibu majirani waliosema yasiyowahusu. Kampeni za uchaguzi zikifika, kila upande una mshairi wake. Mtu akifiwa, akihitimu, akirudi kutoka hija, hakosi wa kumtungia beti. Na watunzi wenyewe ni watu tunaoishi nao: mwalimu wa madrasa, mama anayeuza mahamri, nahodha, binti aliyemaliza kidato cha nne na daftari lake limejaa.

Lakini sikiliza nyimbo za Pwani zinazopigwa redioni leo. Jina linalotajwa ni la mwimbaji, na baada yake la prodyuza. Aliyeandika maneno hatajwi. Ukimuuliza alipata nini, atakwambia alipewa chochote siku ya kurekodi, akashukuru, yakaisha. Wimbo unaendelea kupigwa kwenye hoteli za Watamu, kwenye matatu za Malindi na kwenye simu za watu, na yeye yuko nje ya hesabu.

Naandika kwa ajili ya mtunzi huyo, hasa yule asiyetaka au asiyeweza kusimama jukwaani, ambaye angependa nyimbo zake ziimbwe na wengine na apate haki yake. Tatizo naliona hivi: tunajua kutunga, na waimbaji wanaotafuta nyimbo wapo, ila tunaingia sokoni bila kujua tunachouza ni kitu gani hasa. Hapo ndipo kila kitu kinapochanganyika, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu kuliko penginepo.

Kwanza tukumbuke kwamba kutunga kwa ajili ya sauti ya mwingine si jambo geni kwetu. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Malindi na kufariki 2014, aliimba tungo nyingi za binamu yake, mshairi Ahmad Nassir. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa kupiga udi, aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany, mwanachuoni wa Matondoni aliyefariki 2017. Hata mashairi ya mawaidha hapa Lamu, mara nyingi mmoja huandika na mwingine mwenye sauti nzuri huyasoma, kisha sauti hiyo ndiyo inayosambaa. Zamani ilisambaa kwa kanda, leo inasambaa kwa WhatsApp.

Kilichobadilika ni kujuana kwa watu. Kizazi kile, msikilizaji wa Mvita au Amu alijua kalamu ni ya nani. Mtunzi na mwimbaji walikuwa ndugu, au walisali msikiti mmoja, au walikaa baraza moja, na heshima ilitosha kulinda jina. Leo wimbo unatoka Mokowe asubuhi na jioni unasikika Doha, kwa watu wasiomjua mtunzi wala mtaa wake. Kujuana hakutoshi tena. Lazima jina liandikwe mahali.

Vitu viwili ndani ya wimbo mmoja

Unapousikia wimbo umetoka studio, masikio yanapokea kitu kimoja. Kisheria kuna mali mbili pale, na zinaweza kuwa na wenyewe tofauti.

Ya kwanza ni utungo: maneno pamoja na lahani yake, yaani vile wimbo unavyoimbwa hata kama hakuna ala. Ya pili ni rekodi: ile sauti iliyonaswa siku fulani, kwa koo la fulani, na ala zake. Utungo mmoja unaweza kuzaa rekodi ishirini. Akiimba mwanamke wa Malindi mwaka huu na bendi ya Mombasa mwaka ujao, rekodi ni mbili na zina wenyewe wawili, ila utungo ni ule ule na mwenyewe ni wewe.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, iliyorekebishwa 2019, inautenga utungo na rekodi. Utungo ni wa aliyeutunga, na haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, hivyo hata watoto wanarithi. Rekodi ni ya yule aliyefanya mipango ya kuirekodi ifanyike. Kwa kawaida huyo ndiye aliyekodi studio na kulipa, awe mwimbaji, meneja au wewe mwenyewe. Nayo inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa.

Kwa hiyo mwimbaji akisema, "Wimbo ni wangu, mimi ndiye niliyelipa studio," amesema kweli nusu. Rekodi ni yake. Utungo hakuulipia studio, na malipo ya studio hayaugusi. Mtunzi akilishika hili moja tu, mazungumzo yake na wasanii hubadilika. Haombi tena. Anakuja na mali yake na kuitolea ruhusa.

Ndani ya utungo wenyewe nako kuna mgawanyiko, na kwetu Lamu ni muhimu kwa sababu watunzi wengi ni washairi. Unaandika beti, unampa mwimbaji, naye anatafuta lahani. Hapo maneno ni yako na lahani ni yake. Desturi iliyozoeleka katika nchi nyingi ni kuanzia nusu kwa maneno na nusu kwa muziki, kisha watu wajadiliane. Siku hizi prodyuza aliyetengeneza biti, yaani mapigo na ala za wimbo, naye hudai sehemu ya ile nusu ya muziki, na mara nyingi ana haki. Ukitaka sehemu kubwa zaidi, peleka wimbo ukiwa na lahani tayari. Huna haja ya kujua kupiga ala. Ukiimba kwa mdomo kwenye simu, lahani hiyo ni yako.

Angalizo: iwe lahani yako kweli. Taarabu ya Mombasa ina historia ndefu ya kutia maneno ya Kiswahili kwenye lahani za filamu za Kihindi, na Juma Bhalo mwenyewe alisifika kwa mtindo huo. Ni urithi tunaoupenda. Lakini lahani ya filamu ina mwenyewe, na ukimpelekea msanii wimbo wa aina hiyo ukadai ni wako wote, siku utakapopata watazamaji wengi YouTube ndiyo siku mwenyewe atajitokeza. Msanii atakayeumia kwa sababu yako hatarudi kwako.

Ruhusa ya mdomo, na harusi ya watu

Sheria hiyo hiyo ina mambo mawili ambayo sijaona yakielezwa vya kutosha kwa watunzi wetu.

Kuuza hakimiliki moja kwa moja, au kumpa mtu ruhusa ya pekee ambayo hakuna mwingine ataipata, ni lazima iwe kwa maandishi yenye sahihi yako. Bila hivyo haina nguvu. Anayesema, "Uliniuzia, nilikupa pesa mkononi," hana alichonunua pasipo karatasi. Ila ruhusa isiyo ya pekee yaweza kuwa ya mdomo, au hata ikadhaniwa kutokana na mwenendo wenu tu. Ukienda studio, ukamfundisha mwimbaji wimbo wako, ukakaa anarekodi, ukala naye pilau baadaye, huwezi kesho kusema hukumruhusu. Umemruhusu kwa mwenendo. Ulichokuwa hujakubaliana naye ni malipo na jina, na kuvijadili baada ya wimbo kutoka ni kazi ngumu mno.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linagusa moja kwa moja jinsi watunzi wa Lamu wanavyopata riziki. Kazi ikiagizwa, yaani mtu amekujia akasema nitungie wimbo wa harusi ya mwanangu, au wa kampeni yangu, au wa mradi wa shirika letu wa kulinda mikoko, sheria inachukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Soma tena sentensi hiyo. Wimbo wa harusi uliomtungia Bi Fulani ukapendwa, ukaombwa na msanii wa Malindi aurekodi, huenda kisheria si wako kuutoa.

Dawa yake ni maneno machache kabla ya kuanza kazi: "Wimbo huu nautunga kwa ajili ya harusi ya tarehe fulani. Mwaweza kuuimba na kuurekodi kwa matumizi ya familia. Hakimiliki inabaki kwangu." Yatume kwa ujumbe wa simu, wakujibu wamekubali, uhifadhi. Hakuna mama wa bibi harusi atakayekasirika kwa hilo ukimwambia kwa adabu. Wenye mradi watakasirika kidogo, kwa kuwa mara nyingi wanataka wimbo uwe wao kabisa. Hapo bei ipande, maana unauza zaidi ya siku moja ya kuimbwa.

Watunzi wengine wanaogopa kutuma nyimbo kabisa, wasije wakaibiwa. Hofu hiyo naielewa, na mfano mkubwa tunao. Mpaka leo watu wanabishana kama "Malaika", wimbo ulioimbwa dunia nzima, ulitungwa na Fadhili William wa Kenya au Adam Salim wa Tanzania. Ubishi huo umedumu kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuumaliza. Lakini kuficha nyimbo hakutakulinda. Hakimiliki inaanza pale utungo unaponaswa: ukiandikwa au ukirekodiwa, hata kwa simu. Usajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hufanyika mtandaoni na ni ushahidi mzuri, ila kutosajili hakukunyimi haki. Basi jirekodi ukiimba wimbo wote, jitumie kwa barua pepe ili tarehe ibaki, ndipo uutume kwa wengine. Jua pia kwamba kinacholindwa ni namna ulivyosema, wazo halilindwi. Kumngoja mpenzi gatini si mali ya mtu.

Kuukata wimbo uingie kwenye biti

Sasa twende kwenye kuuza kwenyewe. Kinachowaangusha washairi wengi mbele ya maprodyuza ni umbo la wimbo. Tuchukue ubeti huu, niliouandika kwa ajili ya makala hii, wa mizani, yaani silabi, kumi na sita kwa kila mstari:

Jahazi latia nanga, mbona weye huoneki
Gatini nimejipanga, hapano mi sibanduki
Usiku wanipa janga, usingizi haushiki

Mshairi atakuwa na beti nane za namna hii na zote ataziona muhimu. Prodyuza ana dakika tatu. Biti yake inakwenda kwa vipimo vya mapigo manne manne, na kila pigo likigawanywa mara mbili unapata nafasi nane. Ona bahati tuliyo nayo: kipande chetu cha mizani nane kinaingia sawasawa katika kipimo kimoja. "Jahazi latia nanga" ni kipimo cha kwanza, "mbona weye huoneki" ni cha pili. Bahari hii, yaani mtindo huu wa ushairi, ambayo babu zetu waliitumia bila biti yoyote inaingia kwenye kompyuta ya kijana wa Malindi bila kulazimishwa.

Ugumu unakuja kwenye hesabu ya ubeti mzima. Mistari mitatu ni vipimo sita, na biti za leo hujirudia kwa vipimo vinne, vinane au kumi na sita. Vinabaki viwili vitupu. Katika taarabu, fidla na kinanda viliziba nafasi hiyo, mwimbaji akapumua na watu wakatunza. Kwenye wimbo wa vijana, nafasi hiyo ama unaijaza mstari wa nne, ama unaitumia kurudia maneno yanayonasa. Mimi ningerudia mstari wa kwanza. Ubeti ukiisha, sikio linarudishwa kwenye jahazi, na hapo kiitikio kimeshapatikana bila kuandika neno jipya. Kisha ningechagua beti mbili tu kati ya zile nane, ile inayoeleza kilichotokea na ile inayoeleza kinachotakiwa. Sita zilizobaki zisitupwe. Zina wimbo mwingine ndani yake.

Jambo jingine ni lugha. "Huoneki" na "weye" vina ladha ya kwetu na msikilizaji wa Nairobi atavielewa vikiwa ndani ya wimbo. Lakini ubeti mzima wa Kiamu cha ndani, lahaja yetu ya Lamu, ambao hata mtu wa Malindi atauliza maana, utamfunga mwimbaji anayetaka kusikika Mombasa na Dar es Salaam. Siwezi kumwambia mtunzi akiache Kiamu. Nyimbo zetu zikipoteza ladha hiyo zitafanana na za kila mtu. Ninachosema ni kwamba kiitikio kieleweke na watu wote, na maneno mazito ya Kiamu yakae kwenye beti, ambako mtu ana nafasi ya kuyatafakari.

Na pima sauti ya mtu. Kabla ya kumpelekea mwimbaji wimbo, sikiliza nyimbo zake tatu. Sauti yake inang'aa akipanda au akishuka? Anaweza kuvuta pumzi kwa mstari mrefu? Anaimba kuhusu nini? Msanii anayejulikana kwa nyimbo za kuachwa hatachukua wimbo wa kujisifu, hata uwe mzuri namna gani. Ukimpelekea mtu wimbo unaomfaa, umemwonyesha kwamba unamheshimu, na hilo linakumbukwa hata akiukataa.

Mlango ni prodyuza

Watunzi wengi huanza na mwimbaji, tena mkubwa. Wanaandika kwenye Instagram, hawajibiwi, wanakata tamaa. Mimi ningeanza na prodyuza. Ndiye anayekaa na waimbaji kila siku. Anajua nani ana sauti lakini hana maneno, nani amelipia kipindi cha studio na wimbo bado haujakamilika, nani ametoka kuachana na mtunzi wake. Ana biti kumi zisizo na mwenyewe. Mtunzi anayemletea maneno yaliyokwisha kukatwa vizuri amempunguzia kazi.

Usimtumie nyimbo kumi kwa mkupuo. Mbili zinatosha, tatu ukizidisha. Usirekodi kwa gharama kubwa pia, maana ala nyingi humzuia kusikia anachoweza kuongeza yeye. Sauti na kibao cha kupigia mkono, au biti nyepesi ya bure, vinatosha, mradi maneno yasikike, chumba kiwe kimya, na kiitikio kifike kabla dakika moja haijaisha. Jina la faili liwe na jina la wimbo, jina lako kamili na namba yako ya simu. Faili ikiitwa "sauti mpya 3" itapotea siku hiyo hiyo.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi na uonyeshe kuwa umemsikiliza:

"Assalam alaykum kaka. Nimeisikia kazi yako ya mwezi uliopita, ile ya sauti ya kike yenye udi mwanzo. Nina wimbo wa kumngoja mtu gatini, mwendo wa taratibu, unafaa sauti ya kike. Ni dakika moja na nusu, maneno na lahani ni vyangu. Nikutumie?"

Ombi la mwisho lina uzito. Prodyuza akijibu "tuma", ametoa ahadi ndogo ya kusikiliza. Asipojibu, mpe wiki mbili, umkumbushe mara moja, kisha umwache. Akikataa, muulize kwa upole anatafuta wimbo wa namna gani. Jibu la swali hilo linakuonyesha wimbo wa kutunga tena.

Studio nyingi zitakazokufaa ziko Malindi, Kilifi na Mombasa. Mazungumzo mengi yanaisha kwa simu, ila nauli ya kwenda kuonana ana kwa ana mara moja haipotei, kwa sababu watu wa studio humpa kazi waliyekaa naye. Malindi ina faida nyingine: hoteli na kumbi ambako waimbaji hupiga muziki usiku kwa usiku, na wengi wao huimba nyimbo za wengine kwa kuwa hawana zao. Mwimbaji wa hoteli mwenye sauti nzuri na asiye na wimbo ni mteja wa kweli. Hana jina kubwa, lakini ataimba wimbo wako mbele ya watu kila wiki.

Nchi nyingine kuna mtu wa katikati kwa kazi hii. Marekani anaitwa mchapishaji wa muziki. Anashikilia tungo, anabisha milango kwa niaba ya watunzi, na desturi ya zamani ni kugawana mapato nusu kwa nusu. Nashville kuna ukumbi mdogo, Bluebird Cafe, uliofunguliwa 1982, ambako watunzi wenyewe hukaa wakaimba nyimbo zao, hata kama sauti zao ni za kawaida, na wanaotafuta nyimbo huja kusikiliza. Kwetu wachapishaji ni wachache, kwa hiyo mtunzi anajibebea mzigo huo mwenyewe. Lakini usiku wa namna ile Lamu ingeweza kuufanya vizuri kuliko mji wowote wa Pwani. Wakati wa tamasha la utamaduni mji unajaa wageni, na washairi wako hapa hapa. Kinachokosekana ni kuwaalika maprodyuza na waimbaji wa Malindi na Mombasa waje kwa nia ya kusikiliza tungo mpya. Ningefurahi sana kuona jambo hilo likifanyika.

Nisiwasahau wanawake. Lamu ina watunzi wa kike hodari, wa nyimbo za harusi na za vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, ambao kwa sababu za nyumbani au za dini hawataki sura wala sauti zao zitoke nje. Kutunga kwa ajili ya sauti nyingine kunawafungulia mlango. Mtunzi anaweza kutumia lakabu mbele ya watu, na jina lake halisi likae kwenye mkataba na kwenye usajili tu. Mwakilishi, iwe ni kaka au binti yake, anaweza kwenda studio kwa niaba yake. Mradi mkataba uwe kwa jina lake yeye. Isije ikawa kaka mtu ndiye anayesaini kama mtunzi, hata kwa nia njema.

Mkishakubaliana

Mtu akiupenda wimbo, njia za malipo ni chache. Kuna pesa ya mara moja, kuna asilimia ya mapato ya utungo, na kuna vyote viwili kwa viwango vya kujadiliana. Pesa ya mara moja peke yake inavutia kwa sababu ada ya shule haingoji, na simlaumu anayeichukua. Nashauri tu kwamba pesa hiyo iwe ya ruhusa, isiwe ya kuuza utungo. Maandishi yake hayahitaji kuwa marefu:

"Mimi, mtunzi wa maneno na lahani ya wimbo huu, nampa msanii ruhusa ya kuurekodi na kuusambaza. Kwa miaka miwili sitampa msanii mwingine ruhusa ya kuurekodi. Hakimiliki ya utungo inabaki kwangu. Sehemu yangu ya utungo ni asilimia kadha, ya prodyuza ni asilimia kadha. Jina langu litatajwa kama mtunzi popote wimbo utakapotolewa. Nimepokea shilingi kadha."

Weka majina kamili, namba za vitambulisho, tarehe na sahihi, na shahidi mmoja akiwepo ni bora. Wimbo ukiwa na matumaini makubwa, mwone wakili kabla ya kusaini cha mwenzako, hasa ukiona maneno kama "haki zote" na "milele".

Jiandae pia kwa mwimbaji atakayebadilisha neno moja kisha adai nusu ya utunzi. Hii ni tabia ya dunia nzima. Miaka ya 1970, watu wa Elvis Presley walimtaka Dolly Parton awape nusu ya haki za uchapishaji ili Elvis auimbe wimbo wake mmoja. Alikataa, ingawa alilia kwa kukosa bahati hiyo. Mwaka 1992 Whitney Houston akaurekodi wimbo ule ule kwa ajili ya filamu, ukavuma kila pembe, na haki za Dolly zilikuwa bado mkononi mwake. Si kila mtu ataweza kukataa, na mara nyingine kumpa mwimbaji sehemu ndogo ni busara, kama kweli ameongeza ubeti au amenyoosha lahani. Lakini asilimia zipangwe siku ya kurekodi, kila mtu akiwa bado na furaha ya wimbo, na kila mmoja aondoke na nakala ya karatasi hiyo.

Mirabaha ya kupigwa redioni, hotelini na kwenye magari hukusanywa na vyama. Kwa miaka mingi MCSK, kilichoanzishwa 1983, kilisimama kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapigaji ala. Leseni zao hutolewa na KECOBO kwa muda maalumu, na zimewahi kugombewa mpaka mahakamani. Kabla ya kujiunga, waulize KECOBO ni chama kipi kina leseni ya watunzi wakati huo, kisha usajili kila wimbo pamoja na asilimia mlizokubaliana. Chama hakiwezi kukulipa kwa wimbo ambao hakijui ni wako.

Na ipo sehemu moja ya mwisho ambayo watunzi wengi hawaifuatilii. Msanii anapoupandisha wimbo mtandaoni, anajaza fomu ya kampuni ya usambazaji, na fomu hiyo inauliza jina halisi la mtunzi wa maneno na la mtunzi wa muziki. Mwenye haraka anajaza lake pote pawili. Hafanyi hivyo kwa ubaya kila mara, wakati mwingine hajui tu maana ya swali. Mtumie majina yenu yakiwa yameandikwa sawasawa, kama yalivyo kwenye vitambulisho, kabla hajaanza kujaza. Mwombe akupigie picha ya ukurasa ule. Wimbo ukitoka, fungua simu yako uangalie palipoandikwa watunzi. Kama jina lako halipo, mwambie siku hiyo hiyo, kwa sababu kurekebisha jina wimbo ukiwa na wiki moja ni rahisi kuliko kulirekebisha baada ya rekodi hiyo kunakiliwa kwenye vituo vya redio na kwenye milio ya simu.